KITAMBI SI UTAJIRI, KIJANA AMKA!

Kwetu Mtinko, Singida, kijana akirudi toka Dar na kitambi hushangiliwa: "Mjini kumemkubali!" Mimi nasema huo si utajiri, ni deni. Wadai wake ni presha na kisukari.

Mjomba wangu alianguka shambani akiwa na miaka 47. Hakuwahi kupimwa presha hata siku moja. Leo amepooza upande mmoja, na shamba la alizeti limeuzwa.

Msidhani ni balaa la ukoo wetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 26 katika kila 100 wana presha, na 9 wana kisukari. Presha haipigi hodi. Unakesha kwenye bodaboda, unashindilia chipsi na soda, unajiona ngangari!

Kigogo akiugua hutafutiwa ndege. Kabwela huuza shamba. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tunataka tuione zahanati, pamoja na dawa na kipimo kinachofanya kazi, si kwenye makaratasi tu.

Lakini serikali haikulishi chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mwili ushughulike walau dakika 150 kwa wiki. Acha sigara, punguza pombe, rudia ugali wa mtama na mlenda. Pima presha wiki hii.

Mlalahoi mtaji wake ni mwili. Ukifilisika huo, nani atakukopesha mwingine?