Ajali Isiyoua Nayo Ina Somo

Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ilikwama, ikaanza kurudi nyuma mteremkoni, ikazidi kupata kasi, na hatimaye ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walipoteza maisha.

Kisayansi, kasi ile haina fumbo. Kila kizito kilichopandishwa mlimani kina nishati. Breki zisipokizuia, mteremko huigeuza nishati hiyo kuwa mwendo. Kanuni hiyo hiyo hutawala behewa linaposogea hatua mbili tu kisha likazuiwa kwa jiwe. Hapo hafi mtu. Wafanyakazi humshukuru Mungu, hucheka, na kazi huendelea. Lakini chanzo ni kile kile; kilichotofautiana ni bahati, na bahati si kinga.

Tarehe 1 Desemba 1974, nchini Marekani, ndege ya shirika la TWA iligonga mlima karibu na Washington, wakafa watu 92. Ilibainika kwamba wiki chache kabla yake ndege ya shirika jingine ilikuwa imeponea chupuchupu mahali pale pale. Shirika hilo liliwaonya marubani wake. Wale wa TWA hawakupata habari. Tangu mwaka 1976, marubani wa nchi hiyo hupeleka taarifa za matukio ya aina hiyo kwa NASA, ambako majina yao hufichwa.

Wako wasemao kwamba kumsikiliza mkosaji bila kumwadhibu ni kulea uzembe. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ukaidi wa makusudi sharti uadhibiwe. Lakini fundi anayeogopa kukatwa mshahara kwa sababu ya nyundo iliyomponyoka juu ya jukwaa atanyamaza, na msimamizi hatajua kwamba jukwaa halina ukingo.

Mazoea haya yaanzie shuleni. Chupa ya asidi iliyoteleza mkononi ikadakwa, au bomba la gesi lililokutwa likivuja, yaandikwe katika daftari la maabara: kimetokea nini, kwa nini, na kimerekebishwa nini. Jina la mhusika si lazima. Wanafunzi wa leo ndio mafundi wa karakana, machimbo na reli wa kesho.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa usiotajwa hauna wa kuuziba.