DOGO KASOMA KITABU, NYIE POVU LA NINI?

Wadau, mliiona ile klipu ya binti wa kidato cha tatu akichambua Rosa Mistika? Kasema wazi: mkosaji wa kwanza ni Zakaria, baba mtu, siyo Rosa. Basi staa mmoja wa filamu (jina kapuni) kamshukia, eti hana adabu, anawasema wazazi. Mashabiki nao wakajaa kumtukana mtoto wa watu.

Dada staa, kitabu umekisoma lakini? Kezilahabi kakitoa tangu 1971. Zakaria ni mlevi, kampiga Rosa kisa barua ya mvulana, binti akakua anawaogopa wanaume. Uhuru ulipokuja hakujua autumie vipi, ndo akaharibikiwa. Dogo hajatunga, yamo humohumo! Na kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kwa hiyo povu lenu wala si jipya.

Kila siku mnalia vijana hawasomi. Huyu kasoma, tena hadi Takadini, akasema shujaa wake ni Sekai aliyekimbia na mwanawe albino asiuawe. Sasa kafuta klipu zote. Mmefurahi?

Mnaomtetea staa, karibuni kwenye maoni hapo chini, ila njooni mmeshasoma.