Kumalizana Kifamilia Kunamlinda Nani?

Mtoto akigundulika kuwa ametendewa ukatili na mtu wa nyumbani, iwe Kaoze katika bonde la Ziwa Rukwa au juu Sumbawanga mjini, mara nyingi sauti ya kwanza kusikika ni ileile: mambo haya yamalizwe kifamilia. Wazee wanaitwa. Mjomba yupo, shangazi yupo, mtuhumiwa ameinamisha kichwa. Mama anaulizwa nani atalima mpunga mumewe akifungwa. Faini inatajwa, mtoto anaambiwa asamehe kwa kuwa huyo ni baba yake, na yaishe. Usiku huo mtoto analala nyumba moja na aliyemuumiza.

Watu huiita hekima. Si hekima hata kidogo. Ni makubaliano ya watu wazima kuhusu mwili wa mtoto ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Filamu ya Denmark ya mwaka 1998, Festen, iliyoongozwa na Thomas Vinterberg, inapaswa kutazamwa na kila anayeamini vikao hivi. Ukoo umekusanyika kwenye hoteli ya familia kusherehekea miaka 60 ya mzee Helge. Mwanawe mkubwa, Christian, anasimama kutoa hotuba na kueleza kwamba baba aliwanajisi yeye na pacha wake, Linda, walipokuwa wadogo. Linda amejiua. Wageni wanapigwa na butwaa kidogo, kisha wanaendelea kula. Baadaye mama naye anasimama na kudai kuwa mwanawe alikuwa mtu wa kubuni mambo tangu utotoni, ilhali Christian anakumbuka vizuri kwamba siku moja mama alifungua mlango, akaona, akaondoka. Ndugu wanamburuta Christian hadi msituni na kumfunga kwenye mti.

Wanaouokoa ukweli si wa ukoo. Mpishi Kim na wenzake wa jikoni wanaficha funguo za magari ya wageni, basi hakuna anayeweza kukimbia. Wote wamo ukumbini barua aliyoiacha Linda inaposomwa.

Tanzania imekwishampa jirani kazi hiyo ya kuokoa ukweli kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Kwa baba anayemwingilia binti yake aliye chini ya miaka 18, Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, na hakuna kikao cha ukoo chenye uwezo wa kukigeuza kuwa faini ya mbuzi wawili. Wanaosema mtoto hana shahidi nao wamekosea: katika makosa ya kujamiiana, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Kikulacho ki nguoni mwako, na takwimu zinalithibitisha hilo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepigwa ngumi, mijeledi au mateke utotoni, na ndugu walikuwa miongoni mwa wapigaji wakuu.

Watetezi wa vikao wana hoja moja nzito, nayo ni njaa. Mama asiye na shamba lake anaogopa kubaki na watoto bila chakula, na hofu hiyo ni ya kweli. Lakini ukoo unaoweza kuchanga mbuzi wa faini unaweza kuchanga magunia ya mahindi ya kumlisha mama huyo kesi ikiendelea. Ukichagua kumnusuru mtuhumiwa badala yake, usiseme uliwahurumia watoto.

Kwa hiyo wewe jirani, mwalimu, katekista, mwenye duka: ukisikia kilio cha mtoto, usisubiri kualikwa kwenye kikao. Mwone mtendaji wa kijiji, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga simu 116. Simu hiyo ni bure.