Godoro linunuliwe kwa kilo, si kwa inchi

MKULIMA wa viazi mviringo mkoani Njombe anaijua vema hasara ya lumbesa. Gunia linajazwa hadi linaota kichwa, linashonwa kwa kamba, linahesabiwa kuwa ni gunia moja, na kilo zilizozidi zinakwenda bure kwa mnunuzi. Kelele dhidi ya lumbesa zimepigwa miaka mingi, sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, imekuwa ikiwasaka wanaokiuka. Msingi wa kelele hizo ni mmoja: mazao yapimwe kwa mizani, si kwa ukubwa wa kifungashio.

La ajabu ni kwamba mkulima huyohuyo, akishalipwa fedha zake na kuingia mjini Makambako kununua godoro, mizani anaisahau. Anauliza bei ya futi 4 kwa 6, anauliza ni inchi ngapi, anatazama maua ya kitambaa, anabonyeza kwa kidole na kulipa. Hii ni lumbesa iliyogeuzwa. Safari hii anayepunjwa kilo ni mnunuzi, na bado mnunuzi mwenyewe ni yeye mkulima.

Magodoro mengi yanayouzwa nchini ni ya sponji. Sponji hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali ambazo huumuka kama unga wa maandazi, na sehemu kubwa ya kilichomo ndani ya godoro ni hewa. Kwa malighafi ileile, mtengenezaji anaweza kuumua sana akapata godoro nene na jepesi, au kuumua kidogo akapata godoro jembamba na zito. Kipimo cha jambo hili ni kilo ngapi za sponji zimo ndani ya mita moja ya ujazo. Sponji ya kilo 16 hadi 18 ni nyepesi. Inafaa matakia ya kuegemea au kitanda cha mgeni anayekuja mara moja kwa mwaka. Kwa mtu mzima anayelalia godoro kila usiku ni vema kuanzia kilo 24, na kwa watu wawili kilo 28 au 30 si anasa.

Sababu yake ni rahisi. Kuta za vitundu vya sponji nyepesi ni nyembamba, na zikikunjwa usiku baada ya usiku zinachoka na kuvunjika. Hapo ndipo linapotokea lile bonde la katikati ya kitanda ambalo mume na mke huangukiana humo hata kama jioni waligombana.

Kemikali hizo huagizwa kutoka nje na asili yake ni mafuta ya petroli, hivyo dola ikipanda au mafuta yakipanda, nazo hupanda. Kiwanda kikibanwa na gharama kina njia mbili: kupandisha bei, jambo ambalo mteja analiona, au kupunguza kilo, ambazo mteja hazioni. Enzi za magodoro ya pamba na ya sufi ujanja huu ulikuwa mgumu zaidi, maana pamba ni kitu cha mizani, na godoro likilala lilifumuliwa, pamba ikachambuliwa na kujazwa upya. Sponji ikilala, imelala.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Zidisha urefu kwa upana kwa futi, zidisha tena kwa unene kwa inchi, kisha gawanya kwa 12. Jibu ni futi za ujazo. Kila futi moja ya ujazo ya sponji nzuri inapaswa kuwa na gramu 700 hivi. Godoro la futi 4 kwa 6, unene inchi 6, lina futi za ujazo 12, kwa hiyo sponji yake isipungue kilo 8. La futi 5 kwa 6 la inchi 8 lina futi za ujazo 20, hivyo litafutwe la kilo 14 hivi. Kitambaa na zipu huongeza nusu kilo hadi kilo moja, nayo itolewe. Godoro likikunjwa na kufungwa kamba linaning'inia kwenye mizani ya viazi bila shida yoyote, na mizani hiyo Makambako si kitu cha kutafuta mbali.

Sasa linganisha. Godoro la futi 4 kwa 6 la inchi 8, lenye sponji ya kilo 16 kwa mita ya ujazo, lina kilo 7.2 tu za sponji. La inchi 6 lenye sponji ya kilo 24 lina kilo 8.2. Jembamba ndilo lenye mali zaidi. Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba lile nene linauzwa Sh180,000 na hili jembamba Sh200,000. Kwa bei ya dukani jembamba ni ghali. Kwa kilo, lile nene ni Sh25,000 na jembamba ni Sh24,400. Na kama nene litalala baada ya miaka mitatu wakati jembamba litafika sita, mwenye nene analipa Sh60,000 kwa mwaka na mwenzake Sh33,000 na ushee. Mkulima anayepiga hesabu ya mbolea kwa ekari hawezi kushindwa hesabu hii.

Hata hivyo mizani peke yake inaweza kudanganywa. Sponji huweza kuongezwa uzito kwa kuchanganyiwa unga wa chokaa, ikawa nzito bila kuwa imara. Fungua zipu, sugua kona kwa vidole. Ikitoa vumbi au ikinyofoka kirahisi kama mkate mkavu, iache. Kisha weka godoro sakafuni, piga goti moja juu yake kwa uzito wote wa mwili, hesabu hadi kumi, ondoka. Sponji nzuri hurudi mara moja. Mbovu hubaki na shimo kwa muda. Muuzaji akikataa zipu isifunguliwe, duka la pili halipo mbali. Magodoro ya vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa ni mazito kwa asili yake, na ya springi yana hesabu nyingine kabisa, hivyo yasipimwe kwa kipimo hiki.

Wengi pia huchanganya ugumu na uimara. Godoro linaweza kutengenezwa gumu kwa kemikali huku sponji yake ikiwa nyepesi. Dukani linamsukuma mtu kama ubao, miezi michache baadaye limelainika. Neno "gumu" likiandikwa kwenye lebo bila tarakimu ya kilo, lebo hiyo haijasema kitu.

Nusu ya uhai wa godoro iko nyumbani. Chaga zikiachana sana, sponji huzama katikati yake na kukatika; nafasi isizidi inchi 3. Nailoni ya kiwandani, ambayo familia nyingi huiacha ili godoro "lisichafuke", inafungia jasho na kuleta ukungu, hasa kwenye baridi ya nyanda za juu. Iondolewe siku ya kwanza. Godoro ligeuzwe kila baada ya miezi michache, kichwa kiende miguuni. Na ule utaratibu wa kulianika juani kutwa nzima ulifaa kwa pamba. Sponji isiyo na kitambaa ikipigwa na jua hugeuka njano na kuanza kumomonyoka. Upepo wa kivulini unatosha.

Wafanyabiashara wadogo wana la kujitetea. Wanasema mteja mwenyewe anataka nene kwa bei ndogo, na asiyeweka nene hauzi. Kuna ukweli hapo, lakini ni nusu. Mfanyabiashara anayefuata magodoro Dar es Salaam hulipia nafasi ndani ya lori, si uzito, kwa hiyo akibeba magodoro mepesi analipia usafiri wa hewa. Nafasi ileile ikibeba magodoro mazito inabeba mali zaidi. Mwenye nyumba ya kulala wageni anayenunua magodoro 10 kwa mpigo ni mteja wa kurudi, na harudi kwa aliyemuuzia yaliyolala kabla mwaka haujaisha. Vivyo hivyo mzazi anayetafuta godoro la futi 2.5 kwa 6 la mtoto anayekwenda bweni. La inchi 4 linapaswa kuwa na sponji ya kilo 3 na nusu hivi; la kilo 2 na kidogo halitamfikisha mtoto kidato cha nne.

Mnunuzi naye adai risiti, na dhamana isomwe kabla ya kulipa, si baada ya bonde kutokea. Dhamana nzuri husema godoro likizama kwa kiasi gani ndipo linabadilishwa, na nani anagharimia kulirudisha kiwandani. Kwa mtu wa Ludewa nauli ya kurudisha godoro Dar es Salaam inaweza kuifanya dhamana yote isiwe na maana, na hilo liulizwe mapema.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lina jukumu la ubora, na Wakala wa Vipimo ina jukumu la kipimo. Godoro limesimama katikati ya taasisi hizo mbili. Ipo haja ya kila godoro kubandikwa lebo isiyofutika yenye jina la kiwanda, tarehe ya kutengenezwa na kilo za sponji kwa mita ya ujazo, na wakaguzi waingie madukani na mizani kama wanavyoingia kwenye masoko ya viazi. Viwanda vinavyotengeneza sponji nzito havina cha kupoteza kwa utaratibu huo, na vingeweza kuanza kuandika kilo hizo msimu huu huu bila kusubiri kuamriwa.