MICHEZO YA SHULE ZA UMMA NA ZA BINAFSI: HAKI IKO WAPI?

Wahenga hawakukosea walipoamba kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nayaanza makala haya kwa methali hiyo makusudi, maana najua kuna wenzangu ambao wakikiona kichwa hicho hapo juu watasema, "Haya, huyu naye ameanza kulia kwa sababu walifungwa." Ni kweli tulifungwa. Tulifungwa manne kwa bila katika fainali ya kaunti ndogo muhula wa pili, na mimi mwenyewe nilikuwa uwanjani nikicheza beki wa kushoto, kwa hivyo sihitaji kuhadithiwa na mtu. Lakini wasomaji wapenzi, siandiki kwa sababu ya mabao hayo manne. Naandika kwa sababu ya bao la pili. Aliyelifunga nyote mnamjua. Mwaka jana alikuwa akivaa jezi yetu.

Hebu niwakumbushe siku ile ilivyokuwa. Wenzetu wa ile akademia, ambayo sitaitaja jina, walikuja kwa basi lao wenyewe. Kila mchezaji alikuwa na njumu zake, na wengine walikuwa na jozi ya pili mkobani. Walikuwa na kocha wa kulipwa, msaidizi wa kocha, na mtu mwingine aliyekuwa na kazi moja tu ya kubeba barafu na dawa za kuchulia misuli. Sisi tulifika kwa mguu niponye, kilomita nne kutoka shuleni, tukiongozwa na mwalimu wetu wa C.R.E. ambaye ndiye kocha, ndiye daktari, na ndiye aliyetununulia maji ya kunywa kwa hela zake mwenyewe. Kikosi chetu chote kilikuwa na jozi saba za njumu zinazofaa. Mchezaji akitolewa, aliketi kando ya mstari akamvulia mwenzake anayeingia. Refa alitungoja mara mbili mpaka akachoka, akatuonya kwamba tunapoteza wakati. Watazamaji walicheka. Sasa hapo kuna mashindano gani jamani?

Kwa sababu hiyo, tulipofanya mjadala hapa chamani kuhusu kama shule za binafsi zitenganishwe na za umma katika michezo, mimi nilikuwa wa kwanza kuinua mkono upande wa kuunga. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba wao wacheze kwao na sisi tucheze kwetu. Nilipigiwa makofi. Lakini tangu siku hiyo nimefikiri sana, na mambo mengine yametokea, na leo naomba nirekebishe maneno yangu. Kuteleza si kuanguka.

Kwanza, nikubali kwamba malalamiko yetu yana msingi. Shule ya umma ya kutwa hutegemea pesa ambazo serikali hutoa kwa kila mwanafunzi chini ya mpango wa masomo ya sekondari bila malipo ulioanza mwaka wa 2008. Kiwango kilichowekwa mwaka wa 2018 ni Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mnamo 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliwaeleza wabunge kwamba hazina ya serikali ilikuwa ikimudu takriban Sh16,900 tu. Pesa hizo ndizo za vitabu, za maabara, za stima, za kukarabati madawati na za mishahara ya wafanyakazi, na sehemu ndogo tu ndiyo ya michezo. Tena mara nyingi huchelewa, na michezo haichelewi. Mechi za zoni zikifika hazingoji hundi kutoka Nairobi. Shule ya binafsi haipati pesa hizo, hilo nalo tuseme kwa haki, lakini inaamua karo yake yenyewe na inajua muhula utakapoanza itakuwa na kiasi gani mfukoni.

Pili, kuna suala la wakati. Sisi wa kutwa hufanya mazoezi baada ya masomo, kwa muda wa saa moja hivi, kisha kila mtu ashike njia yake. Kuna wachezaji wetu wanaotembea zaidi ya saa nzima kufika kwao, na wakifika kuna maji ya kuteka na ng'ombe wa kufunga. Mwenzetu anayelala bwenini hufanya mazoezi asubuhi kabla ya kifungua kinywa na jioni tena, na chakula chake kimepikwa. Hata mngetupa njumu za dhahabu, pengo hilo lingebaki.

Lakini hapo hapo ndipo niligundua kwamba hoja yangu ya mjadala ilikuwa na ufa. Je, hayo niliyoyataja ni ya shule za binafsi peke yake? La hasha! Tazameni soka. Majina yanayotetemesha watu tangu zamani ni Kakamega High, wale Green Commandos, na Musingu, na St. Anthony's ya Kitale. Zote hizo ni shule za umma. Katika voliboli ya wasichana, Kwanthanze ya Machakos ni ya umma. Kaya Tiwi ya Kwale, inayosifika katika mpira wa kikapu wa wasichana, ni ya umma pia. Ukienda kwenye riadha, St. Patrick's ya Iten, ambako Brother Colm O'Connell aliwasili mwaka wa 1976, imewalea wakimbiaji wa kutajika duniani, akiwemo Peter Rono aliyenyakua dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Ni kweli shule za binafsi kama Laiser Hill ya Kajiado zimeng'ara katika mpira wa kikapu wa wavulana, lakini ukihesabu majina makubwa katika michezo yote, huwezi kusema kwamba binafsi wamewafunika umma.

Tena si kila shule ya binafsi ni tajiri. Nendeni Kibra au Mathare mkaone shule za binafsi zilizojengwa kwa mabati, ambazo hazina hata kiwanja cha kuchezea kati. Wanafunzi wao hawana basi wala barafu. Tukiwatenga wote kwa jina la "binafsi", tutakuwa tumewatupa hao pamoja na wenye mabwawa ya kuogelea. Mgala muue na haki yake umpe. Mpaka wa kweli haupiti kati ya umma na binafsi. Unapita kati ya wenye nacho na wasio nacho, na kwa kiasi kikubwa kati ya shule za bweni na hizi zetu za kutwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Ni lile la kuchukuliana wachezaji.

Rafiki yangu aliyetufunga bao la pili ameniruhusu niandike habari zake, ila nisimtaje jina. Mwaka jana, tulipokuwa kidato cha pili, alifunga mabao sita katika mechi za zoni. Wiki mbili baadaye watu wawili walifika kwao jioni kwa gari, wakiwa na unga, sukari na mafuta ya kupikia. Mama yake huuza mboga sokoni na ana watoto wengine watatu. Hapa kwetu masomo ni ya bure, lakini pesa za chakula cha mchana si za bure, na deni lake lilikuwa la mihula miwili. Wageni wale wakasema kwamba mtoto atasomeshwa mpaka kidato cha nne, alale bwenini, apewe sare na vitabu. Mama akamwambia, "Mwanangu, riziki ikibisha hodi usiiulize ilikotoka." Muhula uliofuata dawati lake lilikuwa tupu.

Nilimchukia. Sitaficha. Siku ile ya fainali, baada ya kipenga cha mwisho, alikuja kunipa mkono na mimi nikageuka nikaenda zangu. Akaniita, "Wee, ndugu yangu, hata salamu?" Sikujibu. Nilimwona msaliti aliyeuza timu kwa sahani ya wali.

Basi akademia ile ikaendelea mbele. Katika mechi moja ya ngazi ya juu akakanyagwa, goti likapinda. Alikaa kitandani mpaka shule zikafungwa. Muhula huu wa tatu aliporudi akiwa anachechemea aliambiwa kwamba ufadhili umesimamishwa "mpaka apone", na kwamba kama anataka kuendelea na masomo mzazi wake alete karo. Karo ya pale mama yake hawezi kuipata hata akiuza mboga miaka mitano mfululizo bila kula. Mama alipouliza kuhusu ile ahadi ya mpaka kidato cha nne, aliulizwa iliandikwa wapi. Haikuwa imeandikwa popote. Ilisemwa kwa mdomo, juu ya pakiti ya unga.

Amerudi kwetu. Mwalimu mkuu alimpokea bila maneno mengi, naye yuko dawati la nyuma yangu sasa hivi ninapoandika haya. Amekosa wiki tatu za masomo, na ananakili madokezo yangu ya kemia. Juzi aliniambia, "Walitaka mguu, hawakunitaka mimi." Nami nikamwomba msamaha kwa ule mkono niliomnyima.

Sasa niambieni, wasomaji. Je, nani alionewa zaidi katika habari hii? Ni sisi tuliofungwa manne, au ni yeye? Mimi nilidhani haki katika michezo ni habari ya nani atwae kombe. Kumbe kuna mtoto wa watu katikati, ambaye anapitishwa mkono kwa mkono kama mpira wenyewe.

Wala tusijifanye malaika. Shule za umma zenye majina hufanya mambo hayo hayo. Hata sisi, mnakumbuka vizuri yule kijana wa voliboli aliyeletwa hapa akitokea shule jirani, akapewa sare ya bure, na alipoacha kuichezea timu hakuna aliyeuliza anakula wapi mchana. Nyani haoni kundule.

Kuna watakaosema kwamba watoto maskini wenye vipaji watapoteza nafasi tukizuia uhamisho. Nami nasema hoja hiyo ni nzito, na siwezi kuipuuza, maana rafiki yangu alikuwa na haki ya kutafuta maisha bora. Singependa sheria ya kumfungia mtu mlango. Ninachotaka ni sheria itakayombana yule anayefungua mlango. Kwa hivyo natoa mapendekezo manne kwa wale wanaosimamia michezo ya shule za sekondari nchini, kuanzia zoni hadi taifa.

La kwanza, shule yoyote, ya umma au ya binafsi, ikimchukua mwanafunzi kwa ajili ya michezo, iandike mkataba wa kumsomesha mpaka mwisho wa kidato cha nne, acheze asicheze, aumie asiumie. Mzazi abaki na nakala na afisi ya elimu ya kaunti ndogo ibaki na nyingine. Pasipo mkataba, mchezaji asisajiliwe.

La pili, mchezaji aliyehama asome mara moja lakini akae nje ya mashindano kwa mwaka mmoja. Shule inayomtaka mwanafunzi itangoja. Ile inayotaka mguu haitangoja, na hapo tutawatambua.

La tatu, kuwe na madaraja angalau hadi ngazi ya kaunti, shule za kutwa zicheze kwanza kati yao, kisha bingwa wao akutane na vigogo. Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, katika jimbo la Illinois, shule hupangwa kwa madaraja kulingana na idadi ya wanafunzi, na tangu mwaka wa 2005 kuna kanuni ya kuzidisha idadi ya wanafunzi wa shule za binafsi kwa 1.65, ili zisishindane na shule ndogo za umma. Katika jimbo la Texas, shule nyingi za binafsi zina mashindano yao kando. Mimi sipendi njia ya Texas, kwa sababu tutakutana sote makazini kesho, na ni afadhali tujuane leo. Lakini hiyo ya madaraja inaweza kuigwa.

La nne, pesa za serikali zifike kamili na kwa wakati, na kila shule ibandike kwenye ubao wa matangazo ni kiasi gani kilitumika kwa michezo na kilinunua nini. Hata hapa kwetu. Naomba radhi kwa walimu wangu kama nimevuka mpaka, lakini jozi saba za njumu ni chache mno.

Kwa wenzangu wa timu nasema hivi: mwakani tutakutana nao tena, na tukifungwa tutapeana mikono. Kwa wenzangu wenye vipaji, siku mtu atakapokuja kwenu na unga na sukari, pokeeni, mshukuruni, kisha mwambieni mzazi aombe karatasi. Karatasi hiyo isomwe na mwalimu mnayemwamini kabla hamjafunga sanduku.

Ni mimi wenu, beki wa kushoto, kidato cha tatu.