Komredi, kitabu halali cha bure kipo. Umemuuliza mkutubi?

Mhadhiri ametaja kitabu cha kozi. Maktabani kuna nakala mbili, nanyi darasani mko mia tatu. Dukani bei yake inakaribia kodi ya chumba chako. Utafanyaje? Unakimbilia kibanda cha fotokopi nje ya geti, ama unangoja mtu atupe pdf ya wizi kwenye grupu ya WhatsApp.

Sikulaumu. Ila kuna njia nyingine: vitabu huria.

Tusichanganye mambo hapa. Huria si bure tu. Kitabu huria kina leseni ya mwenye hakimiliki inayokuruhusu kukipakua, kukinakili na kumgawia mwenzako. Mhadhiri naye anaweza kukifanyia mabadiliko kifae darasa lake. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, umekuwa ukitoa vitabu vya aina hii tangu 2012: fizikia, biolojia, uchumi, takwimu na kadhalika. Kuvisoma mtandaoni hulipi hata ndururu.

Mbona basi hujavisikia? Kwa sababu anayechagua kitabu ni mhadhiri, na hana muda wa kuchambua kila kilichoko mtandaoni. Hapo ndipo mkutubi anapoingia. Yeye ndiye fundi wa kutafuta, kukagua leseni inaruhusu nini, na kuweka nakala kwenye hazina ya kidijitali ya chuo ili uipakue kwa Wi-Fi ya chuo bila kumaliza bando. UNESCO ilipopitisha pendekezo lake kuhusu nyenzo huria za elimu Novemba 2019, ilizitaja maktaba miongoni mwa wadau.

Lakini maktaba peke yake haitoshi. Kitabu cha uhasibu cha Marekani kinahesabu kwa dola na kufuata kodi za kwao. Sheria za Kenya hakiwezi kukufunza. Lazima mtu akae chini akirekebishe au aandike kipya, na hiyo ni kazi ya miezi. Kama chuo kinampandisha mhadhiri cheo kwa makala za utafiti pekee, nani atajisumbua? Na yule anayeuza noti zake darasani ana sababu gani ya kuzitoa bure? Chuo kikitaka vitabu huria, kihesabu kazi hiyo na kuilipia.

Wewe nawe usikae ukingoja. Wiki hii nenda kwenye dawati la maktaba uulize: "Kuna kitabu huria cha kozi hii?" Ukipata jibu, mpe kiongozi wa darasa alifikishe kwa mhadhiri kabla muhula ujao haujaanza. Ukiambiwa hakuna, uliza ni nani anayevitafuta. Karo unalipa, na maktaba ni sehemu ya karo hiyo. Idai kazi yake.