Damu Yetu, Majarida Yao

Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha katika jarida la tiba la Uingereza matokeo ya kuwaambukiza malaria Wajaluo 30 waliojitolea. Kati ya 15 waliorithi selimundu kwa mzazi mmoja, 2 tu walipatwa na vimelea. Kati ya 15 wasiorithi, 14.

Tangu hapo makala ya jenetiki yamefurika. Mengi mno huchunguza watu wenye asili ya Ulaya, na hata yatuhusuyo huandikwa kwa Kiingereza. Hapa Mukumu, mama akiuliza kwa nini mwanawe mmoja anaugua selimundu na nduguye ni mzima, mwalimu atamsomea nini? Neno tunalo: seli, na mundu wa kukatia nyasi. Nami nimeandika aya tatu kwa Kiswahili kumjibu mama huyo. Sijaona jarida la jenetiki litakalozipokea.